Tumesaini uanachama wa klabu ya likizo na sasa tunajuta: je, tunaweza kutoka?

"Mwaka jana mimi na mume wangu tulikuwa likizoni nje ya nchi. Tulialikwa kwenye kikao cha dakika tisini, zawadi ikiwa siku mbili za hoteli bila malipo. Tulitoka baada ya muda wa saa tano tukiwa tumesaini uanachama wa klabu ya likizo. Malipo ya awali tulilipa kwa kadi ya mkopo, na salio tunalipa kila mwezi kwa kampuni ya mikopo waliyotuunganisha nayo palepale. Muuzaji alisema ni uwekezaji, kwamba tukichoka tutauza kwa faida, na kwamba tutapata nafasi wakati wowote shule zikifungwa. Kila tukijaribu kuweka nafasi tunaambiwa pamejaa. Sasa ada ya mwaka imekuja na imepanda. Juzi mtu amenipigia simu, anasema ana mnunuzi tayari ila nitangulize fedha za kodi na hati. Mume wangu anasema tuache tu kulipa. Je, tumeshachelewa kutoka? Na watoto wetu watarithi mzigo huu?"

Dada yangu, tumalizane kwanza na huyo aliyepiga simu, maana ndiye anayeweza kukutia hasara mpya wiki hii hii. Usimtumie kitu. Usimpe nakala ya kitambulisho wala namba ya akaunti, na usimwambie kwamba utafikiria. Hana mnunuzi. Mnunuzi wa kweli akiwepo, kodi na gharama za uhamisho hukatwa kwenye fedha anazolipa yeye, na katika Umoja wa Ulaya sheria inamkataza dalali wa mikataba hii kupokea chochote kabla mauzo hayajakamilika. Orodha za wanachama huvuja, na nyingine huuzwa na wafanyakazi wa ndani, ndiyo maana alijua jina lako na jina la klabu yako. Utapeli huu ni mkubwa kiasi kwamba mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliziwekea vikwazo kampuni kadhaa za Mexico zinazohusishwa na genge la dawa za kulevya la Jalisco, kwa kazi hii hasa: kuwapigia wenye mikataba kama wako, kudai mnunuzi yupo, kisha kuomba fedha ya kodi, halafu ya hati, halafu ya benki, mpaka mtu akauke. Aliyekwisha kuumizwa hupigiwa tena baadaye na mtu anayejiita wakili au ofisa wa serikali, anayeahidi kumrudishia fedha zake kwa ada ndogo ya mbele. Hao nao huwa ni walewale.

Sasa tuje kwenye mkataba. Kabla sijajibu kama mmechelewa, kuna dhana moja lazima niiondoe, kwa sababu ikibaki itaharibu kila uamuzi mtakaofanya: kwamba mnamiliki mali ambayo ina thamani ya kuuzwa.

Mlichonunua ni haki ya kutumia malazi kwa masharti fulani, pamoja na wajibu wa kulipa ada kila mwaka, mmeyatumia au hamkuyatumia. Mikataba hii ya likizo za zamu, ambayo wengi wanaiita taimushea, ilianza Ulaya katika miaka ya 1960. Hapimag ya Uswisi ilianzishwa mwaka 1963, na miaka michache baadaye wajenzi wa hoteli moja kwenye milima ya Alps ya Ufaransa wakaanza kuwashawishi wageni wanunue sehemu ya hoteli badala ya kukodi chumba kila mwaka. Wazo lenyewe si ovu, na wapo watu wanaorudi mahali palepale kila mwaka na kuridhika. Shida iko kwenye bei. Sehemu kubwa sana ya fedha mliyotozwa haikwenda kwenye chumba. Ililipia mialiko, zawadi za kuwavuta wageni, kumbi za mikutano na kamisheni ya wauzaji. Sehemu hiyo hupotea siku mnayosaini. Mtu anayetaka kununua kutoka kwenu haangalii mlilipa kiasi gani. Anaangalia anapata nini na atadaiwa ada kiasi gani kila mwaka. Ada ikiwa karibu sawa na gharama ya kukodi chumba kama hicho kwenye soko la kawaida, haki yenu haina thamani yoyote kwake. Ndiyo maana mikataba mingi ya aina hii huuzwa kwa fedha kidogo mno, na mingine hutolewa bure na bado inakosa wa kuichukua.

Nafasi za wakati wa likizo za shule ni chache kuliko wanachama wanaozitaka. Klabu nyingi hufungua uwekaji wa nafasi miezi mingi kabla, mara nyingi mwaka mzima, na wanachama wa daraja la juu hutangulia. Mwenye kifurushi kidogo akifika, pameshajaa. Huenda muuzaji hakusema uongo kwamba vyumba vipo. Alichonyamazia ni foleni.

Na msijilaumu. Kikao kile kimetengenezwa na watu wanaoijua kazi yao: muda unavutwa hadi mchoke, punguzo ni la leo tu, na mkikataa anakuja meneja na bei nyingine kana kwamba amewafanyia hisani. Nimewasikiliza walimu, wahasibu, hata mawakili waliosaini kwenye meza kama hiyo. Aibu ndiyo inayowafanya watu wengi wakae kimya mpaka tarehe za kujitetea zipite. Kwa hiyo nimefurahi kwamba umeuliza.

Hukuniambia mlisaini katika nchi gani, nalo ni jambo la kwanza la kutafuta. Toeni karatasi zote, zile zilizo kwenye bahasha nzuri ya klabu na zile zilizotumwa kwa barua pepe, mtafute vitu hivi: tarehe ya kusaini, sheria ya nchi gani inatawala mkataba, muda wa mkataba, kama mlipewa hati ya umiliki iliyosajiliwa au ni uanachama wa pointi tu (pointi ambazo mnazitumia kuweka nafasi), na kifungu kinachoeleza itakuwaje mwanachama asipolipa. Tofauti kati ya hati na uanachama ni kubwa. Hati iliyosajiliwa ni sehemu ya ardhi na jengo, haiondoki kwenye jina lenu mpaka ihamishwe rasmi. Uanachama au haki ya kutumia ni mkataba tu, una mwanzo na kwa kawaida una mwisho, na kuuvunja ni jambo jepesi kidogo kisheria. Kwa maelezo yako, nadhani mna huu wa pili.

Sasa, mmechelewa? Nchi nyingi zinampa mnunuzi wa mikataba hii siku chache za kujiondoa bila kutoa sababu. Umoja wa Ulaya, kwa Maelekezo namba 122 ya mwaka 2008, unatoa siku 14. Katika majimbo ya Marekani, Florida ni siku 10, California 7 na Nevada 5; Mexico ni siku 5 za kazi. Kwa kawaida siku huanza kuhesabiwa kuanzia kusaini au kupokea nyaraka zote zinazotakiwa, lolote lililochelewa. Haki hii haiwezi kufutwa na mkataba, hata kama kuna ukurasa mliosaini kwamba mnaikataa. Ndugu mwingine anayesoma haya akiwa amesaini juzi, aache kusoma sasa hivi, afungue mkataba, atafute sehemu ya kujiondoa, aandike barua fupi, na aitume kwa njia ambayo mkataba unaitaja, abaki na ushahidi wa tarehe ya kutuma. Asipige simu kuuliza. Akipiga simu ataunganishwa na mtu mpole sana ambaye kazi yake ni kumfikisha siku ya kumi na tano.

Kwenu siku hizo za kawaida zimepita. Lakini usifunge faili bado. Kama mlisaini ndani ya Umoja wa Ulaya, muuzaji alilazimika kuwapa fomu maalumu ya kujiondoa, imejitenga na mkataba. Kama hakuwapa, muda wenu unarefushwa hadi mwaka mmoja na siku 14. Kama fomu mlipewa lakini taarifa nyingine za lazima hazikutolewa kwa maandishi, ni miezi mitatu na siku 14. Zaidi ya hapo, sheria hiyo inakataza kuchukua malipo yoyote ya awali kabla siku za kujiondoa hazijaisha. Ninyi mlilipa kwa kadi palepale mezani. Kama palikuwa Ulaya, huo ni ukiukaji wa wazi, na mna hoja nzito mkononi. Mkiweza kujiondoa kwa njia hii, mkopo uliofungamanishwa na ununuzi huo nao huanguka bila nyinyi kulipa gharama. Kwa Uhispania kuna jambo la ziada: mahakama yake kuu kabisa iliamua mwaka 2015 kwamba mkataba wa aina hii uliofanywa chini ya sheria yao ya mwaka 1998 bila ukomo wa muda ni batili, kwa sababu sheria hiyo iliweka kikomo cha miaka 50. Tazameni sana tarehe na muda kwenye karatasi zenu.

Njia ya pili ni uongo mliouziwa. Mkiambiwa uongo kuhusu jambo muhimu, na uongo huo ndio uliowafanya msaini, sheria za nchi nyingi zinaruhusu mkataba kutenguliwa. "Ni uwekezaji" na "mtauza kwa faida" ni maneno ya namna hiyo hasa. Nisikufiche ugumu uliopo: karibu kila mkataba wa klabu una ukurasa, mara nyingi wenye visanduku vya kutia herufi za jina, unaosema kwamba hamkuahidiwa faida na hamkutegemea maneno ya mdomo. Kampuni itauleta ukurasa huo siku ya kwanza. Hauui madai yenu moja kwa moja, ila unawalazimu mlete ushahidi. Kwa hiyo tafuteni ujumbe wa simu kutoka kwa muuzaji, picha mlizopiga kikaoni, vipeperushi, karatasi aliyochora hesabu kwa kalamu kama hakuichukua. Kisha kila mmoja wenu, mbalimbali, aandike anachokumbuka: nani alisema nini, saa ngapi, nani mwingine alikuwepo. Fanyeni hivyo wiki hii, kabla kumbukumbu hazijachanganyika. Majibu yote ya kukosa nafasi nayo myahifadhi, pamoja na tarehe mlizoomba.

Kadi ya mkopo inaweza kuwa msaada mkubwa kuliko mnavyofikiri. Uingereza, kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Wateja ya mwaka 1974 kinaifanya benki iliyotoa kadi iwajibike pamoja na muuzaji kwa udanganyifu au kuvunja mkataba, bidhaa ikiwa na bei ya zaidi ya pauni 100 hadi pauni 30,000, hata kama kwa kadi ililipwa arbuni tu. Kwingineko kuna utaratibu wa kadi wenyewe wa kurudisha malipo yenye mgogoro, lakini muda wake ni mfupi, mara nyingi siku 120, na mwaka ukishapita nafasi ni ndogo. Piga simu benki yako hata hivyo, uliza kwa jina kitengo cha migogoro ya malipo, na baada ya simu andika barua. Swali kama hilohilo liulizeni kuhusu ile kampuni ya mikopo. Ililetwa na muuzaji, mezani kwake, kwa ajili ya ununuzi huo tu. Katika nchi kadhaa uhusiano huo unaifanya iwajibike kwa makosa ya muuzaji.

Yote hayo yakigonga mwamba, iko njia ambayo watu huiacha kwa sababu haina ahadi ya kurudishiwa fedha, nayo ndiyo iliyowatoa wengi ninaowafahamu: kuiomba klabu yenyewe iuchukue mkataba. Kampuni nyingi kubwa zina utaratibu wa kupokea mikataba ya wasioitaka tena. Hazitangazi, na mtu wa huduma kwa wateja anaweza kusema haupo. Masharti hufanana: mkopo uwe umeisha, ada ziwe zimelipwa hadi leo, na wakati mwingine mlipe ada ya mwaka mmoja au miwili ya mbele. Inauma kulipa ili uruhusiwe kuacha, naijua hasira hiyo. Lakini piga hesabu: ada ya miaka miwili dhidi ya ada inayopanda kwa miaka yote iliyobaki kwenye mkataba. Andikeni barua, si simu, kwa idara ya umiliki au ya sheria, wala si kwa idara ya mauzo. Semeni mnataka kurudisha uanachama, elezeni kwa sentensi chache sababu (kukosa nafasi, ahadi zilizotolewa, hali ya fedha ikiwa imebadilika, ugonjwa kama upo), ambatisheni ushahidi, na wapeni tarehe ya kujibu. Lugha iwe ya heshima na ya uhakika. Wakikataa, andikeni tena kwa ngazi ya juu. Barua ya tatu yenye nakala kwa mamlaka ya kulinda walaji mara nyingi husomwa tofauti na ya kwanza.

Mkiandika, jiandaeni kwa mwaliko. Watawaita kwenye kikao kingine "kurekebisha tatizo", na huko mtaelezwa kwamba shida yenu ni kuwa na pointi chache. Msiende. Ni mauzo tena, na mtatoka na mkopo mkubwa zaidi. Suluhisho lolote la kweli linaweza kuletwa kwa barua.

Kuhusu wazo la mume wako la kuacha kulipa, namwelewa, na si wazo la kipuuzi, ila mna madeni mawili na hayafanani. Ada ya mwaka ni deni la klabu. Mkopo ni deni la kampuni ya fedha. Mkiacha mkopo, adhabu na riba huanza mara moja, jina lenu linaweza kuingia kwenye kumbukumbu za wasiolipa mikopo, na deni linaweza kuuzwa kwa wakusanya madeni wa nchi mnayoishi au kufikishwa mahakamani. Siku mnayohitaji mkopo wa nyumba au biashara, ndipo mtakapoliona. Ada ya mwaka ni suala tofauti kidogo: baadhi ya mikataba inasema asiyelipa atafutiwa uanachama na kupoteza alichokwisha kulipa, basi. Kama kifungu chenu ndivyo kilivyo na mkopo umeisha, kuacha kulipa kunaweza kuwa njia halali ya kutokea. Lakini mikataba mingine inaipa kampuni haki ya kudai ada zote. Ndiyo maana nilisema mtafute kifungu hicho mapema. Mpaka wakili akisome, endeleeni kulipa mkopo, na umweleze mume wako kwamba kulipa kwa sasa si kukubali kuonewa. Kunalinda masharti ya ile njia ya kurudisha mkataba.

Kuuza wenyewe? Jaribuni mkipenda, kwa bei ndogo au bure, kwa mtu mnayeweza kumthibitisha, na hakikisheni klabu imekubali uhamisho kwa maandishi. Msitegemee.

Watoto sasa, kwa sababu nahisi hili ndilo linalokunyima usingizi. Mtoto hawi mdaiwa kwa kuwa tu ni mtoto wenu. Kama hakusaini, mkataba haumfungi yeye binafsi. Klabu inaweza kudai deni lililopo kutoka kwenye mirathi kabla haijagawanywa, na uanachama wenyewe unaweza kuhesabiwa sehemu ya mirathi, lakini katika nchi nyingi mrithi ana haki ya kuikataa mali asiyoitaka, kwa maandishi, ndani ya muda uliowekwa, mradi hajaanza kuitumia. Kwa hiyo msiwaongeze watoto kwenye mkataba hata muuzaji akisema "ili iwe urithi wao". Kama majina yao yameshaandikwa na ni watu wazima waliosaini, niandikie tena au umweleze wakili jambo hilo kwanza kabla ya mengine yote, maana linabadilisha hesabu.

Wakili mnamhitaji, angalau kwa kikao kimoja, likiwepo hata moja kati ya mambo haya matatu: mlisaini Ulaya na mlilipishwa siku hiyohiyo, mna ushahidi wa maandishi wa ahadi ya faida, au mmeshapata barua ya madai. Atoke kwenye orodha ya chama cha mawakili, aijue sheria ya nchi inayotawala mkataba, na akutajie ada yake kwa kazi iliyoelezwa. Msimchanganye na kampuni za "kukutoa kwenye mkataba" zinazojitangaza mitandaoni kwa dhamana ya asilimia mia na malipo yote mbele. Mwaka 2022 tume ya biashara ya Marekani, FTC, na jimbo la Wisconsin waliishtaki moja ya makundi hayo kwa madai kwamba ilikusanya zaidi ya dola milioni 90, nyingi kutoka kwa wazee. Dalili yao ni rahisi kuiona: wanakuambia uache kulipa na usizungumze tena na klabu wala benki. Ukinyamaza, wao wanakula ada, na barua za madai zinakuja kwa jina lako.

Kama hamna uwezo wa wakili, nendeni kwa mamlaka ya kulinda walaji ya nchi mliyosaini, na ya nchi mnayoishi. Mkiwa wakazi wa Umoja wa Ulaya, Vituo vya Walaji vya Ulaya husaidia bure migogoro inayovuka mipaka. Kwa suala la benki au kampuni ya mikopo, ulizeni kama kuna msuluhishi wa huduma za fedha. Popote mtakapokwenda, kitu cha kwanza watakachoomba ni malalamiko yenu ya maandishi kwa kampuni na jibu lake. Kwa hiyo barua ya kwanza itoke wiki hii, kwa rejista na kwa barua pepe pia, na klabu ikikataa, mwombe mtu aliyekataa aandike kukataa kwake na jina lake chini.